Sherehe ya Utenzi wa Maji Maji

Maandiko ya kale hayasomeki kwa kamusi peke yake. Virgil, mshairi mkuu wa Kilatini, alifariki mwaka 19 kabla ya Kristo. Yapata mwaka 400 baada ya Kristo, mwalimu Servius wa Roma alikuwa bado akiwafafanulia vijana mashairi hayo mstari kwa mstari. Kilatini kilikuwa lugha yao wenyewe. Walakini maneno mengi yalikuwa yamechakaa, na mila zilizotajwa zilikuwa zimekwisha sahauliwa. Hivyo mwanafunzi wa Kilatini amezoea kusoma shairi pamoja na sherehe, yaani ufafanuzi wa maneno na habari.

Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, unastahili kusomwa vivyo hivyo. Mwaka 1933 A. Lorenz aliutoa pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwaka 1957 W. H. Whiteley aliutoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na Margaret Bates akaandika utangulizi wa historia. Kazi hizo ziliuhifadhi utenzi, lakini ziliueleza kwa lugha za kigeni.

Tena, mshairi alikuwa mtu wa mji wa pwani, na vita vilianza katika vilima vya Matumbi, ilipo Kipatimu. Huko Nandete, mwezi wa Julai 1905, watu waling'oa pamba ya Wajerumani. Kamusi itasema kwamba pamba ni mmea, na maji ni kitu cha kunywa. Haitasema kwamba pamba ile ililimwa kwa kulazimishwa, wala kwamba maji yale yalikuwa dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, iliyoaminiwa kuzuia risasi na iliyounganisha makabila mbalimbali. Mambo hayo yamo katika ushuhuda wa wazee, ambao G. C. K. Gwassa na John Iliffe waliuchapisha mwaka 1968. Ushuhuda huo haukukusanywa kwa ajili ya utenzi, lakini ndio sherehe yake iliyo bora.

Hata hivyo sherehe ina hatari yake. Servius mwenyewe mara nyingine humsemesha mshairi zaidi ya alivyosema, na mwanafunzi mvivu huishia kwenye maelezo. Hapana budi beti zisomwe kwanza, kisha sherehe, kisha beti tena. Hapo maneno ya wazee wa Matumbi yatasimama kando ya maneno ya mshairi wa Lindi, kwa Kiswahili, na msomaji ataweza kupima penye tofauti. Pasipo hivyo, watu walioanza vita watajulikana kwa yale tu yaliyosemwa juu yao.