UZI: Wavulana wa 1992, na wasichana waliopotea kwenye hesabu
Kila mjadala wa kufunga kambi ukiwaka, lazima mtu aulize: hao watoto wazazi wao wako wapi? Turudi 1991. Mengistu alipoanguka, maelfu ya wavulana wa Sudan walikimbia kambi za Ethiopia, wakavuka mto Gilo wakipigwa risasi. Wengi walizama. 1992 waliobaki wakaingia Kenya kwa miguu, Kakuma ikaanza.

Wavulana waliwekwa pamoja. Wasichana wakagawiwa familia za kuwalea. Kwetu Mwanda yatima huchukuliwa na jamaa, so mwanzo niliona ni sawa tu. Lakini Marekani ilipochukua karibu 3,800 "wasio na wazazi" kuanzia 2000, wasichana hawakufika 100. Kwenye karatasi, walikuwa na familia.

Wanasiasa wetu, leo nani anawahesabu wa aina hiyo?