Vyombo vya Shang Vina Wazazi Wengi

Mwaka 1976, huko Anyang katika jimbo la Henan, mwanaakiolojia Zheng Zhenxiang na wenzake walifukua kaburi ambalo wezi hawakuwahi kuligusa. Aliyezikwa humo ni Fu Hao, mmoja wa wake za mfalme Wu Ding wa nasaba ya Shang, aliyefariki yapata mwaka 1200 KK. Maandishi ya mifupa ya ramli ya zama hizo yanamtaja akiongoza majeshi na kusimamia kafara. Alizikwa na vitu vya shaba nyeusi zaidi ya 460, vyenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu.

Vyombo vya namna hii husifiwa kama kazi ya Uchina mtupu, iliyozaliwa na kukulia Bonde la Mto Manjano. Sifa vinastahili, lakini asili hiyo si sahihi.

Tutazame umbo kwanza. Ding, chungu cha miguu mitatu au minne kilichotumika kwa nyama ya kafara, kilikuwa kikifinyangwa kwa udongo karne nyingi kabla shaba haijayeyushwa bondeni humo. Kisha kuna ile sura ya mnyama mwenye macho makubwa, iitwayo taotie, inayomkodolea mtazamaji kutoka chombo hadi chombo. Watu wa Liangzhu, karibu na Hangzhou ya leo, walichonga sura inayokaribiana nayo kwenye vito vya jade zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Shang. Wataalamu wanabishana kuhusu njia iliyopitia, ila mimi nikiyaona macho yale naamini kuna undugu.

Ujuzi wa madini wenyewe, kwa maoni ya watafiti wengi, ulipenya kupitia Gansu kutoka kwa wafugaji wa nyika za kaskazini na magharibi. Wale walitengeneza visu, vioo na mapambo madogo. Mafundi wa Erlitou, mji wa kale wa Bonde la Mto Manjano, kati ya mwaka 1700 na 1500 KK hivi, waliupokea na kuupeleka kwingine kabisa, kwa kuwa nyuma yao walikuwa na ufundi mkubwa wa ufinyanzi. Walitengeneza mfano wa udongo, wakaufunika kwa udongo mwingine, wakaukata huo wa juu vipande vipande na kuukausha. Vipande viliunganishwa tena kuzunguka kiini, na kalibu hiyo ikamiminiwa shaba iliyochanganywa na bati na risasi. Ukiona upande wa kushoto wa chombo unalingana na wa kulia, na kingo zimesimama pale vipande vilipokutana, hiyo ni kazi ya kalibu. Kwa njia hii baadaye ilisubiwa ding iitwayo Houmuwu, yenye kilo 832.

Wageni hawakuishia hapo. Kaburini mwa Fu Hao mlikuwa na vioo vya shaba na visu vyenye vichwa vya wanyama kwenye mipini, mtindo wa watu wa kaskazini. Malkia huyu alipigana na majirani wa Shang, na bado vitu vya mtindo wa majirani vilimfuata kaburini.

Ushahidi mzito zaidi, kwangu, uko Sanxingdui, jimbo la Sichuan, ambako mwaka 1986 yalifukuliwa mashimo mawili ya kafara. Humo zilitoka sanamu ambazo Anyang haikuwa nazo: mtu aliyesimama kwenye jukwaa, urefu wa jumla mita 2.62, na vinyago vyenye macho yaliyochomoza. Pamoja nazo kulikuwa na zun, vyombo vya pombe vya umbo la Shang, vilivyotengenezwa kwa mtindo wa Bonde la Yangzi. Wenyeji walivijaza baadhi makombe ya kauri na jade. Sanamu moja ya mahali hapo inamwonyesha mtu aliyepiga magoti, amebeba zun kichwani.

Vitabu vya historia vinavyoanza na kuishia Mto Manjano vinapaswa kuandikwa upya.