Pochi ya simu na siku ya Palma

Vijana wenzangu, Machi 24, 2021, Palma iliposhambuliwa, mawasiliano ya simu yalikatika. Benki nazo zikavamiwa. Aliyekuwa na metikali kwenye M-Pesa, huduma iliyoingia Msumbiji 2013, alikuwa nazo kweli. Ila mtandao hakuna, na wakala naye kakimbia. Pesa ipo, mkate hupati.

Miaka kumi kabla ya hapo, 2011, Mike Hearn, mhandisi wa Google, alitoa bitcoinj, maktaba ya programu iliyoandikwa kwa Java. Maana yake fundi wa programu haanzi na sifuri: kutengeneza funguo, kusoma salio, kutia saini na kutuma bitikoini kumeshaandikwa, anachukua tu. Tena haikulazimu kupakua daftari zima la miamala, ndiyo maana pochi iliweza kukaa kwenye simu ya Android. Baadaye likaja kubwa zaidi kwetu: kurudisha pochi kwa maneno 12. Simu imezama Rovuma? Ukiyakumbuka maneno, salio liko palepale. Kwenye M-Pesa ukipoteza laini unadaiwa kitambulisho, na wangapi walifika Quitunda au Pemba nacho?

Lakini tusidanganyane. Mwingine akiyaona maneno hayo, zimekwenda, huna pa kulalamika. Bei nayo hupanda na kushuka. Na siku ile Palma, bila mtandao, hata bitcoinj isingetuma kitu. Halafu ufike Pemba, nani akubadilishie upate metikali? Wakala wa M-Pesa yupo sokoni. Wa bitikoini mimi bado sijamwona.