Wimbo Unaouzima Mgeni Akibisha Hodi

SEHEMU YA 1: Simu iliyolia kliniki

Mama zangu, dada zangu, na nyie baba vijana mnaosoma kwenye simu za wake zenu (nawajua). Leo siongelei uji wa lishe wala chanjo. Leo nawaletea historia, na imeanzia kwenye benchi la kliniki.

Ilikuwa siku ya kupima uzito. Foleni ndefu, watoto wanalia, mizani imening'inia, mimi naita namba. Ghafla simu ya mama mmoja ikaita. Mlio wake taarabu, ile ya mipasho yenyewe, sauti juu kabisa! Alivyohangaika kuitafuta kwenye mkoba utadhani kashikwa na wizi. Alipoizima akaniambia, "Samahani nesi, mtoto wa jirani ndiye ameniwekea."

Benchi zima likacheka. Basi mjadala ukaanza hapo hapo. Mama mmoja wa makamo akasema mipasho ni nyimbo za wanawake wasio na kazi. Binti mwenye mtoto wa miezi minne akakiri kwamba yeye ni singeli tu, ila mama mkwe akija anaweka kwaya haraka haraka. Dada mwingine wa upande wa Makere akasema anapenda bolingo za zamani, lakini mumewe hataki zipigwe ndani, eti nyimbo za baa. Wakanigeukia. "Na wewe nesi?" Nikawaambia ukweli: nampenda Saida Karoli tangu alipotoka na Maria Salome mwaka 2001, naimba mwanzo mpaka mwisho, na Kihaya sikijui hata kidogo. Wakacheka mpaka mtoto aliyekuwa kwenye mizani akashtuka.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Watu wazima, wamezaa, wanaendesha nyumba zao, lakini wanaficha wimbo kama wanavyoficha deni. Nani alitufundisha hii aibu? Nikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Twende wote.

SEHEMU YA 2: Muuza vyungu

Tuanze Unguja. Kabla ya miaka mia na kitu hivi, taarabu ilikuwa muziki wa wakubwa. Ilianzia kwenye jumba la Sultani, ikaimbwa kwa Kiarabu, na wenye klabu zake walikuwa wanaume wa mjini. Klabu ya Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 ipo hadi leo.

Akatokea mwanamke wa shamba, kutoka Fumba, kwenye familia ya watumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na yeye alizunguka mjini akiuza vyungu kwa kunadi. Huyo ndiye Siti binti Saad. Hakusoma shule. Watu walimcheka sura, wakamcheka asili, wakatunga na maneno ya kumkejeli kwamba hana uzuri wala ukoo, ana sauti tu. Naye akawajibu kwa wimbo.

Siti aliimba kwa Kiswahili, lugha ya watu waliopika na kufua kwenye majumba yale. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, akarekodi sahani za santuri, na zikauzwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Wale wale waliomcheka walimwalika kwenye harusi zao. Alipofariki mwaka 1950 alikuwa na jina kubwa kiasi kwamba Shaaban Robert aliandika kitabu kizima cha maisha yake.

Sasa hapa ndipo naomba mama unisikilize. Moja ya nyimbo zake maarufu inaitwa Kijiti. Inaeleza kisa cha kweli: mwanamke mjamzito aliyekuja Unguja kutoka bara akabakwa na kuuawa, mtuhumiwa akakimbia, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi mahakamani ndio wakaishia kuadhibiwa. Siti alikiimba kisa hicho hadharani, na watu wakakikumbuka kwa sababu ya wimbo.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema taarabu ni umbea, mwambie ilikuwa pia mahali ambapo mwanamke asiyejua kusoma aliweza kusema, "Hapa pana dhuluma."

Umbea nao upo, sikatai. Miaka ya 1990, Khadija Kopa na Nasma Khamis "Kidogo", TOT na Muungano, walijaza kumbi Dar es Salaam kwa kupashana. Wanawake walipanda jukwaani kutunza huku wakimtazama mtu fulani pembeni. Heshima ya mitaani ikasema wanawake wenye adabu hawaendi kule. Na kanda zikasafiri kwa treni mpaka Kigoma, zikapanda mlima mpaka Kasulu na Kibondo, zikasikilizwa jikoni kwa sauti ya chini.

SEHEMU YA 3: Marufuku, na baadaye urithi

Mliosoma jana mlinitumia ujumbe mwingi. Mmoja ameniuliza, "Nesi, unatetea uhuni?" Subiri, dada yangu. Tumalize safari.

Mwaka 1969 Dar es Salaam ilipiga marufuku muziki wa soul. Ulikuwa ni wakati wa Operesheni Vijana, sketi fupi na suruali za kubana zikipigwa vita kwamba zinaharibu vijana wa taifa jipya. Soul ya Wamarekani weusi ikaingizwa kwenye kapu hilo hilo. Vijana waliokatazwa kuicheza leo ni babu na bibi wa wajukuu. Ukiwawekea James Brown kwenye harusi utawaona wanavyoinuka na fimbo zao. Na ukiwasikiliza wakiongea kuhusu singeli, utasikia maneno yale yale waliyoambiwa wao.

Tuje kwenye bolingo ya yule dada wa Makere. Muziki wa Kongo umevuka Ziwa Tanganyika kuja kwetu muda mrefu. Orchestra Makassy na Maquis du Zaire walihamia Dar es Salaam, wakaifundisha nchi nzima kucheza. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa hapa Kasulu kwa Wakongo waliokimbia vita, muziki ule ukaja tena, safari hii kwa watu waliobeba mtoto na sufuria. Kwa hiyo mtu wa huku alipousikia akawaza vitu viwili: baa na ukimbizi. Si ajabu mtu akaona haya kusema anaupenda.

Desemba 2021, UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Ni rumba ile ile, magitaa yale yale. Waliokuwa wanaipiga hawakubadilisha kitu, ni sisi tulioambiwa sasa ni ruhusa.

Na Bongo Fleva je? Nyie kina mama wa miaka thelathini na kitu, mnakumbuka mlivyoambiwa mnasikiliza wahuni wanaoongea badala ya kuimba? Leo mnaziita nyimbo zenu za zamani zenye maana, halafu mnamwambia binti yenu singeli ni kelele. Haya.

Nimegundua kitu kimoja nilipopanga mambo haya kwenye daftari langu. Muziki unaodharauliwa karibu kila mara una wenyewe, na wenyewe ndio waliodharauliwa kwanza. Muuza vyungu, mkimbizi, mwanamke wa uswahilini, kijana asiye na ajira. Tukisema "wimbo mbaya" mara nyingi tunamaanisha "sitaki kuonekana kama wale".

SEHEMU YA 4: Kanda ya mjomba

Hii sehemu nimeiandika nikafuta mara tatu.

Kuna mwanamuziki aliitwa Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Mwenyewe alisimulia kwamba mama yake alikuwa ameshapoteza watoto waliomtangulia, mganga akamwambia asiende kuzaa hospitali na mtoto asinyolewe. (Mama, wewe nenda kituoni, tafadhali. Hili usiige.) Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kujiunga na Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Aliimba umaskini, kifo na wanyonge. Wenye vyeo walimwona mtu wa vilabuni mwenye nywele za ajabu. Watu wa mitaani walimwita Dokta Remmy, na mpaka leo pale Sinza kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa wimbo Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa na wagonjwa. Dawa za kupunguza makali zilikuja kutolewa bure mwaka 2004. Kati ya hapo ni miaka ishirini ya kuzika. Na katikati ya miaka hiyo mtu mmoja akasimama jukwaani na kuitaja kondomu kwa jina la mtaani. Radio Tanzania haikuupiga wimbo ule. Ulionekana unavunja maadili.

Lakini kanda zilikuwepo. Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori, Kasulu hadi Kigoma mjini, wakati mwingine hadi Kibondo na Ngara. Alikuja nyumbani na kanda ya Remmy. Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi. Betri za redio tulikuwa tunazianika juani ili zipate nguvu kidogo, na siku hiyo zilikuwa na nguvu. Wimbo ukaanza, sisi watoto tukacheka kusikia soksi. Mama yangu akainuka, akazima. Akasema, "Kwenye nyumba hii, na watoto hawa? Hapana." Mjomba akatoa kanda yake, akaifuta vumbi kwa shati, akaiweka mfukoni. Hakubishana.

Mjomba alifariki miaka michache baadaye. Alikonda, akakohoa, na msibani kila mtu akasema alirogwa njiani.

Sisemi wimbo ungemwokoa. Mimi ni nesi, najua wimbo si dawa, na huenda alishaambukizwa kabla hajainunua ile kanda. Ila nimejiuliza miaka mingi kwa nini aliileta kwa dada yake. Alikuwa na redio kwenye lori. Angeweza kusikilizia huko. Nadhani alitaka wimbo uanze mazungumzo ambayo mdomo wake haukuweza kuyaanza. Na sisi tukazima.

Mama yangu simlaumu. Alikuwa analinda jina la nyumba yake kama alivyolelewa. Baadaye Remmy mwenyewe aliokoka, akaimba injili hadi alipofariki Desemba 2010, na mama akawa anampenda sana kwa nyimbo hizo. Siku moja nikamwambia, "Mama, huyu si ndiye yule wa soksi?" Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Ningemwacha tu amalize wimbo wake."

SEHEMU YA 5: Ya kwetu

Ya mwisho, ni ya huku kwetu milimani.

Wazee wetu waliondoka huku wakati wa ukoloni kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu walihesabiwa kwa namba. Tangu wakati huo Muha akawa mtu wa kuchekwa mjini, na Kiha kikawa lugha ya kuficha. Mimi mwenyewe nikiwa shuleni mkoa mwingine nilijifanya sielewi nikisikia mtu anaongea.

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, wakiwemo Diamond, Ali Kiba, Mwasiti, Linex na Ommy Dimpoz, walikusanyika wakatoa Leka Dutigite. Jina la Kiha, mbele ya nchi nzima! Nilikuwa kwenye daladala Dar es Salaam nikasikia konda anaimba maneno ya nyumbani vibaya vibaya. Nilishuka kituo si changu, machozi yananitoka.

Mwezi uliopita nilikuwa zamu ya usiku. Mama kijana alikuwa na mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, tuliyoita kangaruu. Nilipokaribia nikasikia anaimba taratibu kwa Kiha, wimbo wa kubembeleza. Aliponiona akaacha. "Samahani nesi, ni nyimbo tu za kijijini."

Nikamwambia aendelee. Mtoto anaisikia sauti ya mama yake tangu yuko tumboni, miezi ya mwisho, na akizaliwa anaitambua. Hajui kama wimbo umepitwa na wakati. Hajui Kiha ni cha shamba. Nilikaa kwenye kiti pembeni mpaka akauanza tena.

Sasa yule dada aliyeniuliza kama natetea uhuni. Kuna nyimbo za matusi, na zipo zinazomdhalilisha mwanamke, hizo hata mimi nazima mbele ya watoto, ziwe za kisasa au za kale. Na sauti kubwa ni tatizo kwa aina zote: ukilazimika kupaza sauti ili aliye hatua moja akusikie, masikio ya mtoto yanaumia, iwe singeli au kwaya. Lakini chunguza maneno, chunguza saa na sauti. Usihukumu kwa kuangalia nani anaupenda. Na binti yako akileta wimbo unaokukera, sikiliza mpaka mwisho kwanza. Pengine kuna jambo anataka kulisema na hajui pa kuanzia.

Haya, zamu yenu. Andika hapo chini wimbo unaouzima mgeni akibisha hodi. Mimi nimeshataja wangu.

Kesho tunarudi kwenye uji wa lishe. Usiku mwema.