Mafuta ya mgando hulainisha ngozi, lakini hayazuii jua

Kuanzia Kamanga, wilayani Sengerema, hadi Mwanza mjini ng'ambo ya maji, mafuta ya mgando hupakwa na wakubwa kwa watoto. Je, yanafanya nini hasa?

Yanatoka wapi?

Hayatokani na mmea wala mnyama. Hutengenezwa kwa mabaki mazito ya mafuta ghafi ya petroli, yanayosafishwa mpaka yawe salama kwa ngozi. Mkemia Robert Chesebrough wa Marekani aliwaona wafanyakazi wa visima vya mafuta wakijipaka nta iliyoganda kwenye mitambo. Mwaka 1872 alipata hataza ya bidhaa aliyoiita Vaseline.

Yanafanyaje kazi?

Hayaongezi maji mwilini. Hutanda juu ya ngozi na kuzuia unyevu uliomo usipotee. Kwa hiyo yapake mara tu baada ya kuoga, kabla ngozi haijakauka.

Yasitumike kwa nini?

Kwanza, si kinga ya jua. Jambo hili ni zito zaidi kwa mtu mwenye ualbino, kwa sababu ngozi yake haina rangi ya kutosha kumkinga, na jua linaweza kumsababishia saratani. Anahitaji losheni maalumu ya kuzuia jua, kofia pana na nguo za mikono mirefu. Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia losheni ya namna hiyo katika kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe.

Pili, usiyapake kwenye jeraha bichi la moto. Lipoze kwanza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda kituo cha afya.

Tatu, usimpake mtoto ndani ya pua. Mafuta yakivutwa hadi kwenye mapafu huweza kuleta nimonia.

Unaponunua

Tangu mwaka 2019 vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Soma jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mafuta ya mgando halisi hayabadilishi rangi ya ngozi. Ukiambiwa yanafanya mtu awe mweupe, yaache: huenda yana zebaki au haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini.