London Iliyotia Nanga Unguja

Jeshi la Majini la Uingereza halina mazoea ya kuzika jina. Manowari ikizama au ikiuzwa kama chuma chakavu, jina husubiri chombo kingine, na chombo hicho hurithi hata sifa za vita ambavyo hakikupigana.

Chukua jina London. Ile ya 1656 ililipuka kwa baruti yake yenyewe katika mlango wa mto Thames mwaka 1665, ikaua watu wapatao 300. Iliyoifuata ilichomwa na Waholanzi 1667. Nyingine ilishusha askari Gallipoli 1915. Nyingine ikapigwa mizinga kwenye mto Yangtze 1949. Moja iliuzwa Romania mwaka 2003 na sasa inaitwa Regina Maria.

Ninayoifuatilia mimi, katika masomo yangu ya uzamili, ni ile iliyoshushwa majini 1840. Ilikuwa ya mbao, yenye sitaha mbili za mizinga, na iliumia vibaya Sevastopol mwaka 1854. Uzeeni ikaletwa Unguja. Sayyid Barghash alikuwa ametia saini, Juni 1873, mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na London ikatia nanga mbele ya mji ikiwa ghala, karakana na makao ya mabaharia. Haikumfukuza mtu yeyote. Mbio ziliachiwa boti ndogo zilizovizia majahazi upande wa Pemba. Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa huko na watu wa jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Bendera hiyo ilikuwa kinga nzuri, kwa sababu Ufaransa haikutaka Waingereza wapekue vyombo vyake, na wafanyabiashara walilijua hilo vizuri sana.

Katika orodha ya sifa za London, Crimea imo. Pemba haimo.

Hilo peke yake lisingenisumbua. Kinachonisumbua ni watu waliotolewa majahazini na doria zile za Waingereza. Wengine walipelekwa Mbweni, wengine Freretown kule Mombasa, wengine mbali hadi Durban. Misheni ziliwabatiza wengi, na mtoto aliyeitwa na mama yake jina la Kiyao au la Kimakua akakua akiitwa jina la Kizungu. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha 1934, anasimulia habari za watu wa namna hiyo, baba yake akiwa mmoja wao. Ningependa tuwe na vitabu 20 vya aina hiyo. Tunavyo vichache mno, ilhali habari za mizinga ya manowari zile unaweza kuzisoma mwaka mzima.

London ya Unguja iliuzwa 1884 ili ivunjwe. Kufikia 1899 jina lake lilikuwa limekwisha kupewa manowari mpya ya chuma.