Hori la Greccio, Noeli ya Mwaka 1223

Malalamiko kwamba Noeli imegharimishwa mno si ya leo. Kumbukumbu ya zamani kabisa tuliyo nayo ya sikukuu hii kuadhimishwa Desemba 25 imo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, nayo inaturudisha hadi mwaka 336. Miaka hamsini baadaye, mwaka 386, mwanazuoni Yeronimo alihamia Bethlehemu, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka 420. Akihubiri siku ya Noeli, alisikitika kuwa hori la udongo limeondolewa na pamewekwa la fedha. Hakuwalaumu waliofanya hivyo, kwa kuwa walikusudia kumheshimu Bwana, lakini kwake yeye lile la udongo ndilo lililokuwa na thamani. Sikukuu ilikuwa bado changa, na tayari fedha ilishaufunika umaskini wake.

Aliyeufunua tena ni Fransisko wa Asizi. Novemba 29, 1223, Papa Honori III aliidhinisha Kanuni ya Ndugu Wadogo, shirika la Fransisko, na wiki chache baadaye Fransisko alikuwa Greccio, kijiji cha mlimani katika bonde la Rieti, Italia. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake miaka michache tu baada ya kifo chake, anasimulia kwamba yapata majuma mawili kabla ya Noeli Fransisko alimwita bwana mmoja wa hapo, Giovanni, akamweleza haja yake: alitaka kuona kwa macho yake ya mwilini taabu aliyozaliwa nayo yule Mtoto, jinsi alivyokosa mahitaji ya mtoto mchanga na jinsi alivyolazwa juu ya majani makavu, kando ya ng'ombe na punda.

Giovanni akaandaa. Usiku ulipofika, watu wa vijijini walipanda mlima na mishumaa na mienge mikononi. Walichokikuta ni hori, majani makavu, ng'ombe na punda, basi. Celano hataji sanamu yoyote, wala mtu aliyevikwa awe Maria au Yosefu. Misa iliadhimishwa hapo penye hori. Fransisko, aliyekuwa shemasi, aliimba Injili kisha akahubiri, na kila alipolitaja jina la Bethlehemu sauti yake ilifanana na mlio wa kondoo.

Mara nyingi tukio hili husimuliwa kama chanzo cha mapango tunayoyapamba makanisani, na simulizi huishia hapo. Naona hilo halitoshi. Lile hori liliandaliwa kwa ajili ya Misa: Fransisko alitaka waamini wamwone Mungu aliyejishusha katika majani, kisha wampokee huyohuyo aliyejishusha katika mkate. Ukiiondoa altare, Greccio inabaki maonyesho ya mifugo.

Wapo waliojaribu kuirudisha Noeli kwenye unyofu kwa njia ya sheria. Bunge la Uingereza, chini ya Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, liliifuta sikukuu mwaka 1647, na mwaka 1659 koloni la Massachusetts likaweka faini ya shilingi tano kwa atakayeiadhimisha. Sheria hiyo ya Massachusetts ilifutwa mwaka 1681, na Uingereza nako watu waliirudia Noeli yao mara tu ufalme uliporejea mwaka 1660. Marufuku iliondoa karamu na kelele, lakini haikumpa mtu hori la kupigia magoti.

Fransisko hakuwa adui wa karamu. Celano, katika kitabu chake cha pili, anaeleza kwamba siku ya Noeli alitaka matajiri wawashibishe maskini, na ng'ombe na punda waongezewe malisho. Alisema hata kwamba angeweza kuonana na Kaizari, angemwomba atoe amri watu wamwage nafaka barabarani, ndege nao wapate kula.

Desemba 1, 2019, Papa Fransisko alikwenda Greccio akatia sahihi barua yake kuhusu pango la Noeli, akihimiza lijengwe majumbani, shuleni, hospitalini na hata magerezani. Majilio haya, kamati za parokia na jumuiya ndogondogo zinapopanga bajeti ya pango, zianze na orodha ya kaya ambazo hazitapika siku hiyo. Taa zinunuliwe kwa kitakachobaki.